Pembe ya Nne

Ukimsikiliza Mama Brigitte, mambo yalikwenda hivi. Siku ya Urithi, kule Newtown, Joséline mke wa Salvator alipanda jukwaani na kilemba cha pembe nne, akawa anawachekea wanaume mmoja mmoja. Mumewe alipoona hivyo akaruka juu kumshusha, naye Joséline akamsukuma mbele ya umati wote, kilemba kikaanguka, polisi wakaja. Mama Brigitte alisimulia haya akiwa ameegemea ukuta unaotenga ua wake na wa Benita, huko Rosettenville, mikono bado ina unga wa maandazi, sauti ya kutosha kufika mpaka kwenye spaza, kile kiduka cha kona.

"Pembe nne, Benita! Kama mbuzi wawili kichwa kimoja. Na kwa hao watu wa visiwa, pembe nne maana yake niko na bwana, lakini njoo ujaribu bahati yako. Bibi ya mtu! Mwimbaji wa kwaya!"

"Ulikuwako, Mama Brigitte?"

"Niende kufanya nini? Kundi lote la kanisa limeandika kwenye WhatsApp."

"Na hao polisi walimkamata nani?"

"Aa, wewe nawe. Nimesema walikuja. Sikusema walikamata."

Benita akarudi kwenye cherehani yake. Hakuna aliyeruka jukwaani siku ile, wala polisi hawakuonekana, isipokuwa wale wa kuongoza magari. Lakini pembe nne zilikuwepo, hilo Mama Brigitte hakulitunga. Na aliyezifunga ni Benita mwenyewe. Jirani alilijua hilo vizuri, ndiyo maana hakuondoka pale ukutani upesi. Alikuwa anangoja aokote neno la kupeleka mbele. Hakupata. Benita ni mtu wa kuuliza kidogo, kisha kunyamaza na kutazama.

Alikuwa ameingia Johannesburg na shangazi yake kutoka Uvira akiwa msichana, shule ameiachia kwenye msingi, na kushona amefundishwa na shangazi huyo huyo. Sasa alikuwa anashonea katika gereji ya nyumba ya Mreno mmoja mzee, mlango wazi mchana kutwa. Gereji ile ndiyo ilikuwa baraza ya wanawake wa mtaa. Joséline, Mrundi wa Bujumbura, alikuja karibu kila alasiri. Tabia wa Tanga alikuja akimaliza kuuza nguo zake za mitumba. Walikaa juu ya marobota ya vitambaa, redio ikipiga, wakisema watu.

Humo ndimo Madame Gaëlle alimowakuta. Alikuwa mwanamke wa Guadeloupe, kisiwa cha Karibiani, mfanyakazi wa kampuni moja ya bima huko Sandton, mwenye gari safi na viatu ambavyo havikujua vumbi la Rosettenville. Alikuwa anatafuta wachezaji. Mwaka huo, 2018, alikuwa amepewa nafasi ya kuonyesha ngoma za kwao Newtown kwenye Siku ya Urithi, ile sikukuu ya Septemba ambapo kila mtu mjini huvaa nguo za asili yake. Shida ilikuwa moja: watu wa kwao waliokuwa wakiishi Johannesburg hawakujaza hata meza mbili za arusi, na wengi wao walikuwa mainjinia wasiotaka kutikisa kiuno mbele ya watu. Basi mtu akamwambia, nenda Rosettenville, Wakongo na Warundi wa huko wanacheza zouk kama waliozaliwa nayo.

Alipofika mlangoni, redio ilikuwa inapiga zouk ya zamani, na wanawake wote mle ndani walikuwa wanaimba pamoja nayo, neno kwa neno, hakuna aliyekosa.

"Mnajua mnaimba nini?" akauliza kwa Kifaransa.

Wakatazamana. "Hapana, Madame," akasema Joséline. "Tunaimba tu."

"Na mnadhani ni lugha gani?"

Joséline alikuwa amekua akiamini ni Kilingala cha zamani. Benita alijua si Kilingala, ila aliamini ni cha Kameruni. Zouk walikuwa wameikuta kwenye kaseti za wazazi, wameichezea kwenye arusi za Uvira na Bujumbura tangu wakiwa watoto, na mtu haulizi chakula cha kwao kimetoka wapi. Madame Gaëlle akakaa juu ya robota la vitambaa, akacheka hadi akafuta macho. Ilikuwa ni Kikrioli, lugha ya bibi yake.

Tangu siku hiyo akawa anakuja kila Jumamosi kuwafundisha. Aliwaita wote *doudou*, mpenzi, kama wanavyoitana kwao. Tabia, ambaye Kifaransa kwake kilikuwa ukuta, alivumilia kidogo, halafu uvumilivu ukamwishia.

"Mwambieni huyu mama, mimi nina jina. Si mdudu mimi."

Walipomfafanulia alisema hata kama ni mpenzi, huko Tanga mpenzi haitwi hivyo, na kuanzia hapo kila aliyeingia gerejini aliitwa dudu.

Kitambaa walikwenda kukinunua Fordsburg, Benita na Madame, kwenye duka la Mhindi. Ni kitambaa cha mirabaraba, nyekundu na njano na kijani zinapishana, kwao hukiita madras. Madame akamweleza mwenye duka kwa fahari kwamba hilo ndilo vazi la bibi zake, vazi la Guadeloupe. Mzee yule akatazama kitambaa, akamtazama yeye. "Madras ni mji wa bibi *yangu*," akasema. Wakasimama hivyo kidogo, kila mmoja ameshika upande wake wa kitambaa, kisha mzee akampunguzia bei.

"Shuka la Kimasai hili," Tabia akasema walipolifungua gerejini. "Tunakwenda kuchunga?"

Vilemba ndivyo vilivyochukua muda. Kitambaa hutiwa wanga, hupigwa pasi, kisha hukunjwa kichwani namna ambayo ncha zake zinasimama. Benita alijifunza kwa kutazama mikono ya Madame, haraka kuliko wote. Na Madame ndiye aliyewaambia kwamba ncha zile zinasema.

"Moja, moyo wangu uko huru. Mbili, nimeshamwahidi mtu. Tatu, nimeolewa, mambo yamekwisha. Nne..." Akacheka kwanza. "Nne, nimeolewa, lakini anayetaka kujaribu bahati yake, nafasi ipo."

Gereji nzima ikapiga makelele. Tabia akauliza kama tano zipo. Joséline peke yake hakupiga kelele. Benita aliona: alikuwa anakikunja na kukikunjua kipande cha kitambaa kilichobaki, akitabasamu kidogo, kama mtu aliyekumbuka jambo.

Siku yenyewe jua lilikuwa kali. Kijana wa muziki alianza na rege, kwa sababu kwa watu wa pale Karibiani ni Jamaika basi, na Madame Gaëlle alikwenda kumsemesha mara mbili kabla hajabadilisha. Mtangazaji naye akapaza sauti kwamba wanawake hawa wametoka visiwani moja kwa moja.

"Moja kwa moja kutoka kwetu barabara ya nane," Tabia akanong'ona nyuma ya pazia.

Benita alikuwa ameshawafunga wote vilemba, kila mmoja na hali yake. Tabia, mjane, alitaka moja akapewa moja. Joséline alipewa tatu. Wakati wenzake wanajipanga, Joséline alirudi, akajiinamisha mbele ya Benita kama mtoto anayesukwa.

"Niongezee moja."

Benita akamtazama.

"Fanya haraka, dada. Inapendeza zaidi kwenye picha."

Benita akauvuta ukunjo wa upande wa kulia, akausimamisha, akaubana na pini. Alidhani kweli hakuna atakayejua zaidi yao.

Hakujua kwamba Madame, katikati ya onyesho, angechukua kipaza sauti. Alitaka watu waelewe, wasione vitambaa tu. Akaeleza kwa Kiingereza, moja, mbili, tatu, nne, na umati ukaanza kuhesabu vichwa kwa furaha, ukinyoosha vidole. Wakamfikia Joséline. Mtu akapiga mluzi. Sauti nyingine, katika kundi la Warundi wa kanisani, ikasema jambo kwa Kirundi, na kicheko chake hakikuwa cha furaha.

Salvator alikuwa mbele, amevaa koti la Jumapili. Ni mlinzi wa usiku kwenye jengo moja huko Sandton, alikuwa amebadilishana shifti na mwenzake ili aje. Akahesabu kama wengine. Akainuka taratibu, akapita katikati ya watu akiomba radhi kila hatua, akavuka kwenye robot, zile taa za barabarani, akapotea. Joséline aliendelea kucheza mpaka wimbo ukaisha. Hicho ndicho kitu ambacho Benita hakuacha kukifikiria: hakukosea hatua hata moja.

Siku mbili baada ya maneno ya Mama Brigitte, Joséline alikuja gerejini mapema, kabla ya wengine. Hakukaa.

"Wazee wa kanisa watakaa Jumamosi," akasema. "Salvator ameniambia hivi: kama ni kosa la fundi, atawaambia wazee, mambo yaishe. Kama ni mimi, nichukue nguo zangu niende kwa dada yangu Durban, yeye afikiri. Na watoto wanabaki."

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia sijui. Kwamba wewe ndiye uliyefunga." Akashika ukingo wa meza. "Benita, dada yangu. Mwambie ulikosea. Neno dogo tu. Ulikuwa na haraka, watu wengi, pini ikasogea."

"Kwa nini uliomba ya nne?"

Joséline akatazama nje. Mreno mzee alikuwa anamwagilia mizabibu yake.

"Anarudi asubuhi, anakula, analala. Jioni anauliza sare yake iko wapi, gesi imebaki kiasi gani. Eish, Benita, mimi na yeye tulionana kwenye arusi, zouk inapiga. Alikuja kuniomba nicheze naye anatetemeka mikono. Nilitaka..." Akacheka bila sauti. "Madame aliposema nafasi ipo, mimi nilimfikiria yeye. Kwani bwana hawezi kujaribu bahati yake kwa bibi yake mwenyewe? Nilipanga nikimaliza kucheza nishuke nimwambie, hesabu. Nimwambie mimi, kwa sikio. Siyo kipaza sauti."

"Basi mwambie hivyo hivyo."

"Sasa? Watu wameshacheka? Atasema nimeitunga njiani. Mimi naongea sana, anajua. Lakini wewe ukisema kitu, mtaa mzima unaamini, kwa sababu husemi."

Benita hakumwahidi. Alimwambia tu, nimesikia. Joséline alilichukua neno hilo kama linavyochukuliwa na mtu asiye na lingine, akaenda.

Siku zile Benita alishona vibaya. Alirudia pindo la sketi moja mara tatu. Uongo wenyewe ulikuwa mwepesi, kosa la pini, hata Madame angecheka. Ungewaachia watoto mama yao kabla hawajaondokewa. Lakini ungemrudisha Salvator pale pale: kula, kulala, gesi. Ungefuta ile pembe kabisa kana kwamba haikusimama, na Joséline asingeweza kuitaja tena maisha yake yote, maana wangekuwa wameshakubaliana kwamba ilikuwa pini. Na ukweli je? Ukweli ulikuwa wa Joséline. Ukitoka kinywani mwa fundi, ungesikika kama udaku mwingine wa ukutani.

Ijumaa alasiri Salvator akaja mwenyewe. Alikuwa ameshavaa sare ya kazi, kofia mkononi. Benita akamsogezea kiti.

"Nashukuru, dada. Nitasimama. Taksi za Sandton hazingoji."

"Joséline hajambo?"

"Yuko." Akazungusha kofia. "Sikuja kugombana. Nimekuja kwa sababu wazee wanataka jibu kesho, na wameshanipa la kwao. Wanasema niseme fundi alikosea, tufunge. Yeye naye ni kama anataka niseme hivyo."

Benita akainua mguu kwenye kanyagio la cherehani, gereji ikatulia.

"Lakini mimi nilikuja nyuma ya pazia kabla hamjaanza," Salvator akasema. "Nilileta chupa ya maji. Mlikuwa mnacheka na yule mama wa Tanga, hamkuniona. Nikasimama. Nilimwona Joséline amekaa kwenye kreti, jua linampiga shavuni. Nilikaa pale kumtazama, dada, nakuambia, mpaka nikasahau maji. Sikuwa nahesabu kitu. Lakini macho yangu ni ya mlinzi, yakishaona yameona. Upande wa kulia hapakuwa na pembe. Zilikuwa tatu. Kisha akapanda juu, zikawa nne."

Benita hakuwa amejua kwamba mtu mwingine alikuwa anatazama siku ile.

"Kwa hiyo usiniambie pini. Kesho nitawaambia wazee pini, hilo halina shida, wale ni wazee. Mimi sitaki kujua nani aliongeza." Akaikunja kofia. "Ile ya nne ilikuwa ya nani? Kuna mwanamume? Kama yupo, nitajie, sitamgusa. Kama hayupo, niambie basi ilisimama pale kwa ajili ya nani. Nimemuuliza yeye, analia tu. Wewe ulikuwa karibu na kichwa chake."

Nje taksi ikapiga honi mara mbili, ikaondoka bila yeye. Salvator hakugeuka.

"Niambie, dada Benita," akasema. "Nakuomba."