Lugha ya Kompyuta ya Murunga

Januari ile ya fujo za baada ya uchaguzi, studio ya picha ya Murunga kule Kambi Muru iliteketea. Aliokoa kompyuta moja kuukuu tu, akaniletea kwenye saiba yangu ya intaneti ya Kawangware ikiwa imefungwa kwa leso.

Picha zake zingetoka kwa waya wa mtandao pekee, na kompyuta yangu mpya ya Linux haikuielewa hata kidogo. Lugha ya kompyuta za zamani ya kutumiana faili ilishaondolewa ndani yake.

"Imezeeka hii, Mutheu," akasema Elvis, mfanyakazi wangu. "Ikubali kuongea kisasa ama tuitupe."

Nikamchemkia. "Huko nje watu wanasimamishwa barabarani waulizwe wanaongea lugha gani, halafu wewe unaniletea hayo humu ndani?"

Nikaitafuta programu ya lugha hiyo iliyoachwa, nikaijenga upya kwa Linux yangu, ikagoma, nikairudia. Mara picha zikaanza kuingia, ya kwanza Bridgit, binti wa Murunga, akibatizwa.

Murunga akajifuta macho. "Uliilazimishaje hadi ikakubali?"

"Yako sikuigusa," nikamwambia, kifua mbele. "Ni yangu ndiyo imejifunza."