Mvua ya Safu ya Nyuma

Siku aliyorudishiwa karatasi yake ya hesabu, Awoi alikuwa amebanwa na wenzake watatu kwenye dawati la nyuma kabisa, darasa la saba. Ilikuwa shule moja ya kambini Kakuma, mwaka 2012, na upepo ulikuwa ukitia vumbi mpaka kwenye uji. Swali lilisema: mchungaji ana mbuzi ishirini na wanne, fisi amekula watano, wamebaki wangapi? Awoi alikuwa amejibu: "Mweusi mwenye paji jeupe hayupo. Aulizwe mchungaji alikuwa wapi." Alipewa sifuri.

Sasa mtamlaumu? Kwao, nje ya kambi upande wa Kalobeyei, mbuzi hawahesabiwi. Ukiwahesabu umewaitia mabaya. Baba yake, mzee Ekiru, husimama mlangoni mwa boma jioni akajua nani hajarudi, kwa rangi na kwa pembe, bila kutamka namba hata moja. Halafu binti wa mtu huyo umwambie ahesabu mbuzi wa kwenye kitabu, wa mtu asiyemjua! Awoi alikuwa na adabu zake.

Alichotaka ni kuingia darasa la nane na rafiki yake Nyakim, aliyekaa safu ya mbele. Lakini mwalimu mkuu, Bi Mugure, alikuwa ametangaza kwamba asiyefikia alama ya kupita atarudia. Kwenye mkutano wa walimu wakuu kule Lodwar, wastani wa kila shule katika mtihani wa darasa la nane ulisomwa kwa sauti, na wa kwake ukasomwa mwisho, na mtu fulani akacheka. Bi Mugure hakukisahau kicheko kile. Tangu hapo wanafunzi wa safu ya nyuma aliwaita "wale wa kutuangusha", mbele yao, huku akiwagawia uji.

Mwalimu Malual, kijana wa Sudan Kusini aliyekulia na kusomea kambini humo humo, aliomba abaki nao baada ya masomo. Alipolisoma jibu la Awoi alicheka mpaka akafuta machozi, maana kwao ng'ombe nao hujulikana kwa rangi.

"Hii jibu ni ya mtu mwenye mifugo," alisema. "Wacha mbuzi, Awoi. Leta mawe."

Awoi akapanga mawe, akatoa matano, akahesabu yaliyobaki. Akainua kichwa. "Ala! Kumbe ni hivyo tu?"

Mvua ikanyesha. Ilinyesha juu ya darasa lile peke yake. Hatua chache tu kutoka hapo, kina mama walikuwa kwenye foleni ya bomba, wameungua na jua. Malual akatoa ndoo nje, akaendelea na somo.

Basi ikajulikana kwamba mmoja wa safu ya nyuma akielewa jambo, mvua inanyesha. Kugawanya kulileta manyunyu. Sehemu zilileta mvua ya kufurika. Wale wa mbele, waliojua mambo yao zamani, hawakutoa hata tone. Nyakim alijaribu, akakariri jedwali zima la kuzidisha kwa sauti, na mbingu ikakaa kimya, akanuna siku nzima. Kina mama wakahamishia mitungi yao dirishani na kumbembeleza mwalimu: "Usimharakishe mtoto. Mwache aelewe vizuri." Majani yakaota kuzunguka ukuta. Watoto wa nyuma wakaanza kutembea vifua mbele, wee, ungedhani wameoa.

Mzee Ekiru, ambaye hakuwahi kuuliza habari za shule, sasa alifika kila jioni na mbuzi wake.

"Ejok, mwalimu," alisalimu kwa Kiturkana. "Leo ni somo gani?"

"Asilimia, mzee."

"Ni ngumu?"

"Ngumu sana."

"Vizuri. Ngoja niite ndugu yangu."

Bi Mugure alifunga mfereji wa mabati na tangi jeusi ili kukinga mvua hiyo. Kitu kimoja tu kilimshinda Awoi, nacho ni wastani. Malual alijaribu kwa mawe, akajaribu kwa vikombe, na tangi likabaki vilevile.

Muhula wa tatu ulipoisha, Awoi alikuwa amepanda kutoka sifuri hadi chini kidogo tu ya alama ya kupita. Bi Mugure akamwita ofisini pamoja na baba yake.

"Umejitahidi, mama, na mimi nimefurahi kweli. Lakini utarudia."

"Si nimepanda, Madam?"

"Umepanda, lakini bado unatushusha. Alama za wote zinamwagwa pamoja, kisha kila mtu anahesabiwa sawasawa. Nikikutoa wewe, wastani unapanda."

Awoi akafikiri. "Kama maziwa. Unamwaga ya mbuzi wote kwenye kibuyu kimoja, unagawia kila mbuzi sawasawa."

"Hapo hapo!"

"Halafu yule mwenye maziwa kidogo unamfukuza, wastani unapanda."

"Umeshika!"

"Lakini kwenye kibuyu maziwa yamepungua, Madam."

Mvua ikashuka juu ya ofisi. Haijawahi kunyesha vile. Mzee Ekiru alitoka mbio akicheka na kupiga mluzi kuita mbuzi, Nyakim akaja na mitungi miwili, Malual akasimama uani amelowa chapachapa, akipiga makofi. Awoi alicheka mpaka akashika mbavu, kwa kuwa alikuwa ameelewa, na kuelewa ni kutamu.

"Vizuri sana, Awoi!" Bi Mugure alipaza sauti kushinda mabati. "Vizuri sana!" Akampa mkono kwa furaha ya kweli, na Januari Awoi akarudia darasa la saba.

Katikati ya 2013, baada ya mtihani wa majaribio wa darasa la nane, wastani wa shule ulisomwa wa pili kule Lodwar, na Bi Mugure akarudi na kikombe cha kung'aa. Alikiweka ofisini, pale ambapo paa huvuja. Kila Awoi anapomweleza mtoto mpya wa safu ya nyuma jambo likamwingia, tone linadondoka ndani, na kikijaa, Bi Mugure hukimwaga kwenye maua.