Rangi Iliyogoma Kukauka

Jumatatu ya Juma Kuu, Kaliopi alijifunga kitambaa kichwani, akafungua kopo la rangi ya buluu kwa ncha ya kisu na kuanza kazi. Kisiwani kwao, nyumba isiyopakwa rangi kabla ya Pasaka ni nyumba ya watu walioshindwa. Tena mwaka huu wakwe watarajiwa wa bintiye Sevasti walikuwa waje kula Pasaka, waione nyumba ambayo binti angeolewa nayo. Akapaka mlango, madirisha, rafu ya sahani, kasha la nguo na ulingo mpana wa mbao wanaolalia wote. Rangi ikabaki. Akapaka viti alivyonunua bandarini. Ikabaki tena, na kwa kuwa si mtu wa kutupa kitu, akapaka na friji.

Kufikia Jumatano viti vilikuwa vimekauka. Friji nalo limekauka, linang'aa. Lakini mlango, madirisha, rafu, kasha na ulingo vilikuwa vibichi kana kwamba ndiyo kwanza brashi imepita.

Kaliopi akateremka dukani kwa Vasilis.

"Umeniuzia rangi mbovu."

"Friji limekauka?" Vasilis akauliza.

"Limekauka."

"Viti je?"

"Navyo pia."

"Basi usiisingizie rangi yangu, mama Sevasti." Akamuuzia tapentaini ya kunawia mikono, akaendelea kupanga misumari yake.

Kaliopi alipanda ngazi za kijiji polepole, maana alikuwa ameshaelewa. Nyumba ile ilikuwa ya mama mkwe wake, marehemu Maruka. Kwa desturi yao nyumba hutoka kwa mama kwenda kwa binti wa kwanza, pamoja na kila kilichomo. Watoto wa kiume huenda kukaa kwa wake zao. Binti wa kwanza alikuwa Foteini. Mama alipougua, Foteini alikwenda bara kufanya kazi kiwandani ili apatikane wa kulipia dawa, na mama alipofariki, Mihalis mdogo wake aliomba akae humo kwa muda na mkewe, ambaye hakuwa binti wa kwanza kwao. Muda huo ukaota mvi. Foteini alirudi, akapanga chumba nyuma ya duka la mkate, na yumo humo hadi leo. Kijiji kizima kinajua na hakuna aliyefungua mdomo, kwa sababu Mihalis ndiye mpiga zeze, na bila zeze lake harusi haichezeki.

Juma lote familia ilitembea na viganja vya buluu. Ijumaa Kuu waliacha alama kwenye mishumaa ya kanisa, na padri akaichukua mishumaa ile akaiwasha pamoja na mingine. Bibi Rini wa jirani alimshika Kaliopi mkono, akaugeuza, akautazama.

"Cha mtu mavi," akasema, kisha akampa kipande cha mkate wa ufuta.

Kaliopi aliona haya, haya ya kweli, mpaka masikio yakamwaka moto. Alipofika nyumbani alimwambia mumewe, "Nyumba inamjua mwenyewe, Mihalis. Tumpe dada yako."

"Itakauka jua likitoka."

"Jua liko nje tangu Jumatatu!"

"Haya, mpe. Halafu Sevasti umwoze na friji."

Kaliopi akachukua tapentaini, akaanza kunawa mikono. Alikuwa na mtoto mmoja tu.

Siku ya Pasaka Foteini alialikwa, kwani siku hiyo damu haiachwi nje. Alikuja na kikapu cha mayai mekundu, amevaa gauni lake jeupe. Akauweka mkono mlangoni, akasukuma, akaingia na mkono safi. Akaketi juu ya ulingo. Alipoinuka kuteremsha sahani za mama yake kutoka kwenye rafu, gauni lilikuwa jeupe vilevile. Wakwe walikuwa wamebanana kwenye viti katikati ya chumba, viwiko wamevikunja. Mama mkwe mtarajiwa alikuwa tayari na mstari wa buluu begani.

"Shangazi haimshiki," baba mkwe akasema.

"Ana mikono mikavu tangu utotoni," Mihalis akajibu.

Foteini akamgeukia mdogo wake.

"Imependeza," akasema. "Mama alipenda buluu."

Kaliopi alikuwa na maneno tayari mdomoni: hii ni yako, wifi. Yalikuwa machache na mepesi. Akachukua kisu, akamkatia Foteini kipande kinono kuliko vyote cha mwana-kondoo, na wali uliopikwa tumboni mwa kondoo huyo akamwongezea.

Wakwe walikula, wakasifu, wakasema nyumba ni kubwa na rangi mtu huzoea. Harusi ikapangwa Agosti. Walipoondoka, Mihalis alimsogelea dada yake.

"Dada, wewe haikushiki. Ungekuwa unapita asubuhi utufungulie mlango na madirisha, ututandikie ulingo. Na jioni utufungie. Ni kazi ndogo tu."

"Na sahani, shangazi," Sevasti akasema. "Mimi hata kikombe siwezi kukitoa."

Foteini alikuwa akikusanya maganda ya mayai kwenye kiganja.

"Mnaamka saa ngapi?" akauliza.

Ndivyo inavyokwenda hadi leo. Sevasti ameolewa, mumewe amehamia, na wote wana viganja vya buluu. Asubuhi Foteini hupanda kutoka nyuma ya duka la mkate, Mihalis humpitishia ufunguo chini ya mlango, naye hufungua. Hushusha sahani, hukunjua shuka juu ya ulingo ili wengine waweze kulala. Jioni huvuta mlango wakiwa ndani, huufunga kwa ufunguo, huusukuma kidogo kuhakikisha umefungika.

"Asante, wifi," Kaliopi humwambia kutoka ndani. "Ulale salama."

"Nanyi pia," Foteini hujibu, kisha humrudishia mdogo wake ufunguo.