Kikopo cha Maloba

Mume wangu Maloba ni ajenti wa forodha hapa Busia. Huvusha malori ya mahindi, na mahindi hayavuki bila kupimwa sumu ya ukungu. Wakaguzi wakija kuchota sampuli, Maloba huwaelekeza kwenye gunia zuri. Yeye huuita huo ujuzi.

Mwezi wa tatu, nikifua, nilikuta damu kwenye chupi zake. Akasema ni pilipili. Nilipoikuta tena, akasema ni kiti cha bodaboda. Ana miaka hamsini na mbili na kiburi cha mtu wa thelathini. Nikampigia kelele wiki nzima mpaka akaenda kliniki, peke yake. Sista Amulen alimwuliza kama ameona damu, akakana. Basi akapewa kikopo cha kutilia choo, kipimwe damu isiyoonekana kwa macho.

Alikirudisha kesho yake. Nilifurahi, nikamchinjia kuku. Najuta kuku yule.

Baada ya wiki sista akanipigia simu mimi, maana Maloba hakuwa anashika yake.

"Mama Phiona, kipimo ya mzee imeonyesha damu. Si kusema ni kansa, bado. Lakini lazima aende hospitali kubwa, waingize kamera kwa utumbo, waone inatoka wapi."

Nililia mpaka kamasi zikanitoka, kisha nikaanza kumfungia begi. Maloba alikaa kitandani akimtazama dirishani mdogo wake Mugeni, tunayeishi naye boma moja, akipasua kuni. Mugeni hajui hata panadol inafananaje.

"Ile choo si yangu," akasema. "Ni ya Mugeni. Nilitafuta ya mtu ana nguvu."

Nilimpiga na lile begi. Sioni aibu kusema.

"Nenda umwambie."

Akaenda. Nilimwona Mugeni akicheka, kisha akaacha kucheka na kuweka shoka chini.

Tulirudi kliniki sote watatu. Sista Amulen hakutugombeza, ingawa nilitaka sana amgombeze mtu.

"Mzee, wewe ulikuwa unaona damu?"

"Ndiyo."

"Hii kikopo ni ya mtu haoni kitu, kama Mugeni. Wewe ulitakiwa kwenda kwa kamera moja kwa moja. Sasa mnakwenda wawili."

Hospitalini ndugu hao wawili walinyweshwa dawa ya kuharisha, wakashinda wakigombania mlango wa choo. Siku ya pili kamera ikapita. Kwa Mugeni walikuta kinyama kimeota, wakakikata papo hapo. Kwa Maloba walikuta uvimbe, wakanyofoa vipande vidogo vya kupeleka maabara.

Majibu tuliyafuata baada ya wiki mbili. Cha Mugeni hakikuwa kansa, ila kingeachwa kingeweza kugeuka. Uvimbe wa Maloba ulikuwa kansa, na ilibidi apasuliwe.

"Umeona damu tangu lini?" daktari akamwuliza.

"Tangu Krismasi."

Mimi nilikuwa nimehesabu kuanzia Machi.

Mugeni akaangua kilio mle ofisini, mtu mzima, akisema mkubwa wake amemponya yeye akajiacha mwenyewe. Maloba akamwambia anyamaze, watu wanasikia. Nikamshika mume wangu mkono. Ulikuwa wa baridi. Sijawahi kumkasirikia hivyo tangu anioe, na sikuuachia mpaka tulipofika nyumbani.