Usingizi wa Rubani Haulindwi kwa Kelele

Maneno yalianzia saluni: eti rubani mmoja alisinzia huko juu mpaka ndege ikapitiliza kiwanja. Aliyeona nani? Hakuna. Lakini mimi mwanangu ni rubani, na neno lile liliniganda kama kupe.

Sheria yao inasema kabla ya kurusha ndege lazima apumzike muda wa kutosha bila kukatizwa. Akiwa hajapumzika aseme. Akificha, leseni inakwenda. Nikasema, usingizi huo nitaulinda mwenyewe. Tena wiki iliyofuata alikuwa apimwe awe kapteni.

Siku hiyo alirudi asubuhi kutoka safari ya usiku, na jioni alikuwa na safari nyingine. Saa mbili asubuhi akaingia kulala, nami nikaweka kiti mlangoni. Saa tatu nikachungulia.

"Baba, umelala?"

"Nilikuwa nimelala, mama."

Moyo ukatulia. Saa nne jirani yetu Cheche, fundi wa kuchomelea vyuma, akawasha mashine. Nikatoka mbio.

"We Cheche! Zima! Mwanangu amelala!"

"Nini?"

"AMELALA!"

"Sasa mama, anayepiga kelele ni mimi au wewe? Mimi nina geti la watu hapa."

"Watu mia na hamsini wanapanda ndege yake leo, unaniletea habari za geti!"

Majirani wakatoka kusuluhisha, na mtaa mzima hausuluhishi kwa kunong'ona. Kugeuka, mwanangu huyo kibarazani, shuka begani, macho mekundu.

"Rudi ulale, baba. Bado mapema."

Alirudi, akageuka-geuka kitandani hadi alasiri. Nikampelekea kahawa nzito.

"Kunywa uende. Ukapteni huo usije ukakuponyoka. Nani atajua?"

Akaniangalia. "Mama, wewe ungepanda ndege ya rubani aliye kama mimi leo?"

"Hata kwa viboko sipandi!" Lilinitoka kabla sijafikiri.

Akachukua simu, akawaambia wakubwa wake kazini kwamba hajapumzika.

Ndege ilichelewa kwa muda wa saa tatu ikimsubiri rubani mwingine. Mwanangu akajaza fomu, na penye sababu akaandika neno moja: Mama. Mkubwa wake akampigia, "Hii 'Mama' ni ugonjwa gani?" Fomu ile ipo kwenye faili mpaka leo, kila mkaguzi akija anaisoma.

Hakuadhibiwa, maana alisema kweli. Ila kipimo cha ukapteni kiliahirishwa mpaka aonyeshe ana mahali pa kulala. Amepanga chumba ng'ambo ya mji. Kwangu anakuja siku asizorusha ndege, wala hathubutu kulala.

Kina mama wenzangu wenye watoto marubani, epukeni haya:

Kumwamsha ili ujue kama amelala.

Kunyamazisha mtaa kwa kupayuka.

Kugombana na fundi wa watu badala ya kumwomba tangu jana yake.

Kumpa kahawa badala ya usingizi.

Kumwambia mtoto mwenye roho za watu mikononi, "Nani atajua?"