Jogoo Kipofu

Shemasi Lonzo Tidwell alikuwa na siri moja tu, na siri hiyo ilikuwa imelala salama miaka thelathini na mitano. Ikaamshwa Jumamosi moja ya Julai, mwaka sitini na nne, kijana wa kizungu aliposimamisha gari mbele ya baraza lake hapo Mississippi, amebeba santuri kama mtu aliyebeba mayai.

"Namtafuta Jogoo Kipofu," akasema. Jina lake Herschel, katoka Boston. "Aliimba bluzi, akarekodi mwaka ishirini na tisa. Kinyozi kanielekeza hapa."

Mama Ozella, mkewe Shemasi, aliacha kumenya kunde. Yeye ndiye kiongozi wa akina mama kanisani, na kwake bluzi ni muziki wa shetani. Shemasi akauona ushemasi wake unaota mbawa, na amani ya nyumba nayo nyuma yake.

"Kinyozi mzushi huyo," akasema. "Mimi kipofu? Naona mpaka chunusi zako, bwana mdogo."

Hapo hakusema uongo. Upofu alipachikwa na kampuni ya santuri, maana siku hizo waimbaji vipofu ndio waliokuwa na soko. Alivalishwa miwani nyeusi, akapewa wiski, akaambiwa aimbe.

"Piga tuisikie," Mama Ozella akasema. "Tumjue adui."

Herschel akafungua gramafoni yake ya mkobani. Ikatoka sauti yenye mikwaruzo, ya mwanamume asiyemwogopa Mungu wala waume wa watu. Shemasi akakazia macho kuku uani. Lakini mguu wake wa kulia, msaliti mkubwa, ukaanza kugonga mbao sawasawa na mguu uliosikika ukigonga kwenye santuri. Akaukanyaga kwa wa kushoto. Wa kushoto nao ukaanza.

"Lonzo," mkewe akaita. Hakumwita Shemasi kama kawaida yake.

Kabla hajajitetea, sindano ikaanza kurukaruka. "Hapa imelika," Herschel akasema kwa huzuni. "Duniani hakuna anayeujua ubeti wa mwisho."

Mama Ozella akauimba. Ubeti mzima, kunde mapajani, pamoja na lile neno ambalo Shemasi mwenyewe aliona haya kulikumbuka.

"We Ozella! Hayo umeyatoa wapi?"

"Kabla sijaokoka nilikuwa nayo hiyo santuri, nikaipiga mpaka ikaisha. Nilimpenda yule mtu, jamani, nikajua atanipeleka motoni. Ndipo nikakusikia wewe kanisani unaongoza wimbo. Nikasema, asante Yesu, sauti ni ileile, ila hii imeokoka."

"Kwa hiyo ulinikubali kwa ajili yake?"

"Miaka yote hii, Lonzo, kila Jumapili naomba msamaha kwa kumuwaza mwanamume mwingine nikiwa ubavuni mwako!" Akamtupia ganda la kunde usoni, kicheko na machozi vikimtoka pamoja. "Kumbe nimetubu bure! Hebu rudisha santuri mwanzo, mwanangu."