Silinda Iliyokwama Mkononi mwa Kaka

Tulikuwa tumeshavuka reli, mimi na mkoba wangu naelekea kituo cha mabasi, kaka yangu na kifuko cha kitambaa anaelekea ofisi ya riadha kurudisha bastola. Mimi kuondoka nimezoea, miguu yangu haijawahi kupenda kukaa. Yeye alikuwa anaacha kitu alichokipenda tangu ujanani: kusimama pembeni ya uwanja, kuinua mkono na kufyatua risasi za baruti tupu ili watu watimue mbio.

Jumamosi bastola ilimgomea. Wakimbiaji wameinama, uwanja kimya, kaka anavuta kifyatulio, hakivutiki. Akajaribu kwa vidole viwili, wapi. Wakimbiaji wakainuka mmoja mmoja wakicheka, mbio zikaanzishwa kwa filimbi. Tangu hapo chakula hakikumshuka. Baba yetu alianza hivyohivyo, vidole vikalegea, mwishowe akawa analishwa kwa kijiko. Kaka hakumwambia mtu, lakini nilimwona mezani akijipima kwa kufungua na kufunga kifuniko cha chupa.

"Tupitie kwa shemeji nimuage," nikamwambia.

"Ingia wewe. Mimi nitasubiri nje."

Shemeji ni mdogo wa mke wake, fundi wa bunduki na vitasa, mtaa mzima unamwita Mama Bisibisi. Alitoa kichwa dirishani.

"Shemeji, umesimama hapo kama mchumba aliyekataliwa? Ingia. Na hicho kifuko kina nini?"

"Bastola. Nairudisha. Mkono umekwisha."

"Nani kasema, daktari?"

"Bastola yenyewe."

"Basi niisikilize mwenyewe. Wewe nakujua, unaongeza chumvi."

Kaka akaingia, akamkabidhi kifuko. Shemeji alihakikisha bastola haina kitu ndani. Akaitoa silinda ubavuni, kile kigurudumu kinachobeba risasi, akaizungusha kwa kidole. Ikazunguka laini. Akaifunga, akajaribu tena. Ikagoma.

"Ikiwa nje inacheza, ikiwa ndani inakaba. Ekseli inayozungukia haina kasoro."

Akapenyeza kipande cha karatasi kati ya silinda na mtutu. Kikapita. "Mbele hakuna kinachogusa. Twende nyuma."

Akasukuma kijiti cha kutolea maganda ya risasi, na kisahani cha nyuma chenye umbo la nyota kikainuka. Chini yake kulikuwa na chenga nyeusi za baruti isiyoungua, zimegandamana kama majani ya chai chini ya kikombe.

"Huyu hapa mgonjwa," akasema. "Kisahani hakikai mahali pake, kinasugua nyuma, silinda inakwama." Akazisugua chenga kwa mswaki mkuukuu mpaka chuma kikaonekana. "Hebu nionyeshe unavyotoa maganda."

Kaka akafungua, akaelekeza mdomo wa bastola sakafuni, akasukuma kijiti.

"Ndivyo nilivyofundishwa. Mdomo chini siku zote, usije ukamlenga mtu."

"Uangalifu wako ndio uliokuponza, shemeji. Ukiinamisha hivyo, uchafu wote unaingia chini ya nyota. Silinda ikishakuwa nje haiwezi kufyatuka hata uibembeleze. Elekeza juu, maganda yaanguke na takataka zake. Haya, funga uvute."

Kaka hakuvuta. Alinitazama. Hapo nikaelewa kwa nini alitaka kubaki nje: ikikwama sasa, hana pa kujificha tena.

"Vuta, nina kazi zangu."

Akavuta. Silinda ikazunguka, nyundo ikagonga. Akavuta tena, polepole, kwa kidole kimoja. Kisha akakaa kwenye kigoda, akaushika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto, kama mtu aliyekutana na ndugu aliyeambiwa amekufa.

"Ahsante, shemeji," akasema. "Ahsante sana."

"Mshukuru na huyu mzururaji. Asingetaka kuniaga, ungenipita."

Nimetembea sana, na nimefadhiliwa na watu ambao hata majina yao sikuyashika. Lakini fadhila ninayoikumbuka kwanza ni ile ya mwanamke mwenye mswaki, aliyemrudishia kaka yangu mkono wake.

Kaka aliendelea kuanzisha mbio mpaka yalipochoka masikio, siyo vidole. Siku hizi anafuga njiwa. Mama Bisibisi bado ana karakana yake, ila macho yamepungua na anatumia lenzi. Bastola imefungiwa kwenye kabati la ofisi ya riadha, mbio zinaanzishwa kwa honi ya umeme. Mimi siku ile basi la asubuhi liliniacha, nikapanda la mchana.